Mgeni wa Miaka Arobaini na Miwili

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 alipoandika juu ya Ujamaa, akitaka kutuonyesha kwamba katika jamii ya Kiafrika ya zamani hakukuwa na kupe; kila mtu alifanya kazi, hata yule aliyefika juzi. Sawa kabisa, sina ubishi. Lakini mimi kila nikiisikia methali hii najiuliza: siku ya nne je? Huyo mgeni akishalima, akavuna, akaoa, akazaa, akazika wazee wake katika udongo ule ule aliopewa aulime, bado ni mgeni? Na kama si mgeni tena, nani mwenye kazi ya kumwambia hivyo? Methali imenyamaza hapo, na wahenga wenyewe hawapo tuwaulize.

Ndugu msomaji, nataka kukuandikia habari za watu waliopewa jembe siku ya tatu, wakalima miaka 42 ndipo wakaambiwa rasmi kwamba wao ni wa hapa. Ni watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Miongoni mwao ni baba yangu, aliyeingia Tanzania akiwa mgongoni mwa bibi, na ni mimi niliyezaliwa hapa hapa nikiwa tayari nimeandikwa mkimbizi kabla sijajua hata kukimbia. Katika gazeti letu hili tunaandika sana juu ya mapenzi, juu ya jiji na shida zake, juu ya kijiweni. Si vibaya. Ila historia hii ya magharibi ya nchi yetu sijaiona, na shuleni mwalimu aliipita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. Basi acha niisimamishe kidogo.

Mwaka wa ikiza

Warundi wanauita mwaka 1972 "ikiza", yaani janga, tauni. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulizuka Burundi, hasa pande za kusini kando ya Ziwa Tanganyika, na waasi wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Michel Micombero ikajibu, na jibu lake halikuwa la kuwakamata waasi tu. Kwa miezi kadhaa jeshi na vijana wa chama tawala waliwasaka Wahutu, na zaidi wale waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji, mapadri, wauguzi. Idadi ya waliouawa inakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000.

Nawaomba nyinyi mnaotaka kuwa waandishi mlitafakari jambo hili. Kulikuwa na nchi jirani, si mbali, si zamani za kale, ambako kujua kusoma na kuandika kulitosha kumfanya mtu aitwe usiku na asirudi. Bibi alikuwa akisema kwamba kaka yake alizika vitabu kabla ya kukimbia, kama mtu anayezika bangi. Kalamu ilikuwa ushahidi.

Waliosalia walikimbilia Zaire na Rwanda, na walio wengi wakaja Tanzania, kupitia ziwani na kupitia mpaka wa Kigoma. Tanzania haikuwafukuza, na jambo hilo lisemwe wazi kwa sababu wapo wanaosahau. Nchi ilikuwa na umri wa miaka 11 tu tangu uhuru, maskini, na bado ikafungua mlango.

Ila haikuwaacha wakae mpakani. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unataka wakimbizi, kwa sababu za usalama, wakae mbali kiasi na mpaka wa nchi waliyotoka. Basi wakapakiwa wakapelekwa ndani, kwenye misitu ya miombo ya Tabora na Mpanda. Ulyankulu ilianza mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, hii ya mwisho ikichukua na watu waliohamishwa kutoka Ulyankulu ambako maji na ardhi havikutosha tena.

Jembe na kibali

Sasa usidhani walipelekwa mahali palipotengenezwa. Ilikuwa pori la mbung'o na wanyama, pori ambalo wenyeji wenyewe walikuwa wachache sana. Serikali, Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la wakimbizi, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililojulikana kwa kifupi TCRS, waligawa jukumu: mmoja ardhi, mmoja fedha, mmoja kazi. Familia ikapewa shamba, shoka, jembe, mbegu na chakula cha kuanzia. Mishamo kila familia ilipimiwa hekta zipatazo tano.

Na hapo ndipo maajabu yalipotokea. Ndani ya miaka michache wale watu walikuwa hawahitaji tena unga wa msaada. Walilima mahindi, maharage, mihogo, tumbaku. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali, mashirika yakafunga virago kwa sababu watu walikuwa wanajilisha. Zaidi ya kujilisha, waliuza. Mpanda mjini palikuwa na watu waliokula maharage ya Katumba maisha yao yote, wakimwita aliyeyalima "mkimbizi" huku midomo imejaa.

Basi mgeni alipewa jembe, na jembe alilitumia. Lakini pamoja na jembe alipewa kitu kingine ambacho hakimo katika methali: kibali.

Makazi yale yalitawaliwa na Mkuu wa Makazi aliyewekwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa mujibu wa Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi iliyoanza kutumika mwaka 1966. Angalia jina lenyewe la sheria: kudhibiti. Mtu akitaka kutoka nje ya makazi, kwenda hospitali, kwenda kuuza, kwenda kumzika shangazi Kigoma, alipaswa kuwa na karatasi yenye jina lake, anakokwenda, sababu ya safari na siku ya kurudi. Ukikutwa kwenye treni ya Mpanda bila karatasi hiyo, umeisha.

Baba yangu amesoma shule ya Tanzania, kwa Kiswahili cha Tanzania, ameimba wimbo wa Taifa kila asubuhi miaka saba. Kirundi chake kimejaa Kiswahili kama uji uliojaa sukari. Lakini alipotaka kwenda Tabora kununua baiskeli aliomba ruhusa kama mtoto anayeomba kwenda chooni. Wakati huo alikuwa na miaka 27 na watoto wawili.

Hiyo ndiyo maana ya hali ya muda. Wengi hudhani mtu mwenye hadhi ya muda ana tatizo moja tu, kwamba iko siku ataambiwa aondoke. Sivyo. Kabla ya siku hiyo kufika, kuna kila siku nyingine. Unajenga nyumba ya udongo ingawa una uwezo wa tofali la kuchoma, kwa sababu nani ajuaye mwakani? Unapanda muhogo lakini mwembe unauogopa, maana mwembe ni mti wa mtu anayejua atakuwepo.

Mwanamke mmoja msomi, Liisa Malkki, alikaa Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1995 akachapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Aliona kwamba wale waliofungwa makazini, wakitazamwa na kuhesabiwa kila siku kama wakimbizi, ndio waliojishikilia zaidi kama taifa lililo uhamishoni. Wale waliojificha Kigoma mjini, wakichanganyika na watu, walijiita Waha, Waislamu, wafanyabiashara, watu wa Kigoma, kutegemea siku na haja. Mimi hili halinishangazi hata kidogo. Ukimwita mtu mgeni asubuhi, mchana na jioni, kwa nini ushangae akikumbuka kwao?

Saa yenye nyuso mbili

Kuna jambo jingine ambalo nimelifahamu ukubwani, na nilipolifahamu nilikosa usingizi. Mwaka 1986 Burundi ilitunga sheria ya ardhi. Ndani yake mna kanuni kwamba mtu aliyekalia ardhi miaka 30 mfululizo anaweza kuwa mwenyewe kisheria; na kama aliipata kwa nia njema, miaka 15 inatosha. Piga hesabu. Aliyekimbia mwaka 1972 akaacha shamba lake Rumonge, kufikia mwaka 2002 aliyelikalia alikuwa na hoja ya kisheria ya kusema: hili ni langu, muda umeshapita.

Sasa tazama upande wa pili wa ziwa. Yule aliyekimbia naye amelima Katumba miaka hiyo hiyo 30. Kule muda ulimgeuza mkaaji kuwa mwenye mali. Huku muda haukumgeuza mkulima kuwa chochote. Saa ni ile ile moja, dakika ni zile zile, ila upande mmoja inahesabu na upande wa pili imesimama. Mtu huyu amepoteza shamba kwa kuwa hakuwepo, na hajapata shamba ingawa yupo. Ukimwambia "rudi kwenu", unamrudisha wapi?

Ni kweli Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ulisema wakimbizi warudishiwe mali zao. Lakini waliorudi walikuta nyumba imejaa watu wengine, watu ambao nao wamezaa na kuzika pale. Watoto wa maskini wawili wakagombania shamba moja, na mkosaji wa kwanza alishakufa zamani.

Kwamba iliwezekana

Mtu anaweza kuniambia: bwana mdogo, wewe unataka makubwa, nchi gani hutoa uraia kwa watu maelfu kwa maelfu? Namjibu: nchi hii hii. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda waliofika miaka ya mwanzo ya 1960, watu wapatao 36,000. Mwaka 1983 Mwalimu akapewa Nishani ya Nansen, ile wanayopewa waliowatendea mema wakimbizi. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unasema, katika kifungu cha 34, kwamba nchi zirahisishe kadiri ziwezavyo wakimbizi kupata uraia. Kwa hiyo si ndoto ya mwandishi mchanga. Ni jambo lililoandikwa, na kwetu lilishafanyika.

Kwa nini basi lilichukua miaka 34 mingine kwa Warundi wa 1972? Sababu kubwa naiona katika miaka ya 1990. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakamiminika tena kuvuka mpaka. Mwaka 1994 yakafuata mauaji ya kimbari ya Rwanda, na Ngara ikapokea mamia ya maelfu ya watu kwa siku chache. Misitu ikakatwa, visima vikakauka, bunduki zikaingia, na wale waliopokea wageni kwa moyo wakachoka. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwa nguvu. Mwaka 1997 jeshi likawakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini Kigoma na kuwaingiza kambini, wengine wakiwa wameishi humo miaka mingi, wameoana na wenyeji. Mwaka 1998 ikapatikana Sheria mpya ya Wakimbizi, ngumu kuliko moyo wa nchi ulivyokuwa zamani.

Sina nia ya kuwalaumu watu wa Ngara au Kasulu. Mwenye nyumba aliyeingiliwa na wageni mia usiku mmoja ana haki ya kulia. Ninachosema ni kwamba mgeni wa juzi na mgeni wa miaka 25 waliwekwa katika kapu moja, wakaitwa jina moja, na aliyekwisha kuwa jirani akaadhibiwa kwa kosa la kufanana na aliyeingia jana.

Kuhesabiwa, kuahidiwa, kungojea

Mwaka 2007 ndipo lilipotokea jambo la maana. Serikali za Tanzania na Burundi pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuwauliza watu wenyewe. Ndiyo, kuwauliza! Watu wa makazi yote matatu wakahesabiwa, wakapatikana kama 218,000, na kila familia ikaulizwa: mnataka kurudi Burundi au mnataka kuomba uraia wa Tanzania? Kama asilimia 20 walichagua kurudi, na kati ya 2008 na 2009 zaidi ya 53,000 wakarudishwa kwa treni na malori. Asilimia 80 wakasema: sisi tumeshafika.

Bibi yangu alisita. Alikuwa na kaburi la mumewe Katumba na la mama yake Burundi, na karatasi ilikuwa na visanduku viwili tu. Mwisho akamwambia baba, "Weka alama walipo wajukuu."

Mwaka 2010 serikali ya Rais Jakaya Kikwete ikatangaza kwamba maombi ya watu takribani 162,000 yamekubaliwa. Dunia ikapiga makofi. Sisi tukacheza ngoma mpaka asubuhi. Lakini subiri. Ili mtu apate uraia wa tajnisi wa Tanzania, sharti kwanza aukane uraia wa kwanza, maana nchi yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili. Watu wakaukana wa Burundi. Kisha wakaambiwa kwamba cheti chenyewe hakitatolewa mpaka wahame makazini na kutawanywa katika mikoa 16 ya nchi, makazi yale yafungwe. Serikali nayo ilikuwa na hoja yake: haikutaka kubaki na visiwa vya watu wa asili moja, ilitaka wachanganyike, na misitu ile ilitakiwa ipumue.

Hoja ina sura nzuri ukiitazama kwenye ramani. Kwenye ardhi ilikuwa hivi: familia iliyofyeka pori, ikachimba kisima, ikajenga kanisa na shule, iambiwe iende mkoa usioujua, kwa watu ambao hawakuulizwa, ikaanze tena. Yaani kuwa raia kwa kufukuzwa mara ya pili. Baadhi ya mikoa ilisema waziwazi kwamba haina nafasi. Fedha hazikutosha. Mwaka 2011 mpango wa kuhamisha watu ukasimamishwa, na watu wakabaki wananing'inia: wakimbizi si wakimbizi, Warundi si Warundi, Watanzania bado.

Miaka ile naikumbuka vizuri, nilikuwa shuleni. Tulikuwa tunasikia: msijenge, msipande, mtahama. Zahanati haikukarabatiwa, maana ya nini kukarabati mahali patakapofungwa? Kaka yangu alifaulu vizuri akaenda kuomba nafasi ya masomo katika chuo kimoja. Karani akasoma fomu, akainua kichwa.

"Dogo, uraia hapa umeacha wazi."

"Tumekubaliwa, mzee. Tunasubiri cheti."

"Basi ukikipata, uje nacho."

Hakuwa mtu mbaya yule karani. Fomu yake ilikuwa na mstari mmoja na jibu la kaka halikuingia humo. Kaka alirudi akashika jembe. Cheti kilipokuja, alikuwa na mke na mtoto na hakuwa tena na habari ya chuo. Hili ndilo ninalotaka mlielewe wale mnaosema "si mwisho wake walipata?" Ndiyo, walipata. Ila ujana hauwekwi akiba.

Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kugawa vyeti, na safari hii bila sharti la kuhama. Kitendo kile sikisifu kwa kujipendekeza, nakisifu kwa sababu kinastahili: uamuzi wa aina ile, kwa watu wengi kiasi kile kwa mara moja, ni nadra duniani. Wale waliokuwa wakiogopa kupanda mwembe waliupanda.

Si kwetu tu

Tukiangalia nje tunakuta ndugu wengi wa hadithi hii. Kenya, Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Pwani walikaa vizazi na vizazi bila kitambulisho. Oktoba 2016 wakaanza kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, wazee kwa vijana, hadi wakamfikia Rais Uhuru Kenyatta. Akaamuru waandikishwe, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Watu walilazimika kutembea ili waruhusiwe kukaa!

Marekani nayo, tangu mwaka 1990, ina sheria ya kuwapa hifadhi ya muda watu ambao nchi zao zimepatwa na vita au maafa. Inaongezwa kwa vipindi vifupi, mara nyingi miezi 18. Warundi waliokuwa huko walikuwa nayo kuanzia 1997 hadi Mei 2009 ilipokoma. Watu wa El Salvador walipewa mwaka 2001 baada ya matetemeko ya ardhi, na kwa miaka zaidi ya 20 mtu huyo amekuwa akinunua nyumba, akisomesha watoto waliozaliwa raia wa Marekani, huku maisha yake yakikatwa vipande vya miezi 18. Waliberia waliokimbia vita vya miaka ya 1990 waliishi hivyo hadi Desemba 2019, ilipopitishwa sheria ya kuwafungulia njia ya ukaazi wa kudumu. Ninachokiona hapo ni kile kile cha Katumba: kila serikali huongeza muda kidogo ili isilazimike kuamua, na kila kuongeza kunazidisha mizizi ya mtu, halafu siku ya kuamua ikifika mizizi ile inageuzwa kuwa kosa lake.

Nini kinachomlinda mtu

Nimejaribu kujiuliza, kwa kuitazama historia hii, ni nini hasa kilichowalinda wazee wetu. Huruma? Huruma ilikuwepo mwaka 1972, na ikapungua mwaka 1996. Huruma ni kama mvua ya Mpanda, ina msimu wake. Naona mambo matatu yaliyosaidia kweli.

La kwanza, kuhesabiwa. Mpaka 2007 kila mtu alisema lake juu ya watu wa makazini. Walipohesabiwa na kuulizwa, hoja ikawa na namba na namba ikawa na majina. La pili, uamuzi kutangulia hofu. Uraia ukitolewa kabla hadhi ya zamani haijafutwa, mtu anavuka daraja. Ukifutwa kwanza, mtu anaambiwa aruke mto. Miaka minne kati ya 2010 na 2014 ilikuwa ya kuruka mto. La tatu, kumwacha mtu pale alipo. Mwenye mizizi hulindwa na mizizi yake: majirani wanaomjua, mwalimu aliyemfundisha, mteja anayenunua maharage yake. Ukimhamisha umemnyang'anya mashahidi.

Na kazi haijaisha. Wapo Warundi wa 1972 ambao hawakupelekwa makazini bali walibaki vijijini Kigoma; walioandikishwa ni zaidi ya 20,000, na hawakuingizwa katika mpango ule wa makazi matatu. Watoto wao ni rika langu, wengine wana wajukuu wa darasa la kwanza. Wapo pia waliokuja tangu mwaka 2015, Burundi ilipoingia tena katika vurugu. Mwaka 2017 Tanzania ikaacha kuwapokea kwa mkumbo, na mwaka uliofuata ikajitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwaunganisha wakimbizi na jamii. Hata sisi wenye vyeti tunajua kwamba uraia wa tajnisi unaweza kufutwa na serikali kwa sababu zilizowekwa katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, wakati wa kuzaliwa haufutwi hivyo. Yaani hata siku ya nne ina kivuli chake.

Vijana wenzangu, tunaotafuta cha kuandika, tuna wazee hai. Mwanafunzi wa Ulyankulu amwulize babu yake lori lilimshusha wapi. Mwanafunzi wa Mpanda amwulize mama yake alikuwa anawaita nini waliomuuzia maharage. Mambo haya hayako katika maktaba zetu. Yako katika vichwa vya watu wenye miaka 70 na 80, na vichwa hivyo vinazikwa kila wiki.

Baba anacho cheti chake sasa, ameking'ang'aniza ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe. Kimo ndani ya kisanduku cha bati pamoja na vibali vyake vyote vya zamani vya kutokea makazini, vimefungwa kwa uzi: cha kwenda kununua baiskeli, cha hospitali, cha msiba. Nilimwambia siku moja avichome, si ameshakuwa raia? Akanitazama kama ninavyotazamwa na mhariri nikikosea tahajia.

"Hiki kinasema mimi ni wa hapa," akasema, akigonga cheti. "Lakini hivi ndivyo vinavyosema tangu lini."